Istilahi Ukurasani: Msomaji wa Kiwangwa na Neno Kiuatilifu

Utangulizi

Katika kurasa kama hizi istilahi hujadiliwa zaidi ingali mikononi mwa waundaji wake. Huulizwa kama imeundwa kwa kufuata kanuni, kama mzizi wake ni wa Kibantu au umekopwa, kama inatamkika na kunyambulika. Maswali hayo ni ya haki, na bila ya kuyajibu hakuna lugha ya taaluma iwezayo kujengwa. Hata hivyo liko swali moja liulizwalo kwa nadra: istilahi ikishachapwa katika karatasi na kupelekwa kijijini, msomaji wake huipokeaje? Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa kulitazama neno moja, kiuatilifu, na karatasi moja ya maelekezo ya kilimo, kama vilivyosomwa nyumbani kwa mkulima mmoja wa mananasi huko Kiwangwa.

Kiwangwa ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Chalinze, Wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Ni nchi ya mananasi, na jina lake limejulikana masokoni kwa sababu ya zao hilo. Wenyeji wake wa asili ni Wakwere, lakini Kiswahili husemwa katika kila nyumba, na watoto huzaliwa nacho. Basi haiwezekani kusema kwamba msomaji wa huko hakijui Kiswahili. Jambo hilo ndilo liupalo mfano wetu uzito, kwa kuwa ukurasa wa Kiswahili ukimshinda msomaji wa pwani, kosa lake halina budi kutafutwa katika ukurasa wenyewe.

Karatasi na wasomaji wake

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kurasa nne, imechapwa vizuri kwa rangi. Taasisi iliyoitoa haitatajwa hapa, kwa sababu makosa yaliyomo si yake peke yake. Mwenye nyumba, bibi mmoja aliyejifunza kusoma katika madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, alikuwa ameipata mkutanoni. Herufi zake zilikuwa ndogo mno kwa macho yake, kwa hiyo mjukuu wake wa darasa la sita alimsomea kwa sauti. Mimi nilikuwa mgeni wao, nikisikiliza.

Hilo ni jambo la kwanza ambalo waandishi wa karatasi hizi hulisahau. Wao humfikiria msomaji kuwa ni mtu mmoja aliyeketi mezani peke yake, mwenye nafasi ya kurudi nyuma mstari hata mstari. Vijijini kusoma ni kazi ya watu wawili au zaidi: mmoja ana macho, mwingine ana shamba. Neno lisilofahamika kwa sikio halina pa kushika.

Ukurasa wa kwanza ulijaa salamu za uongozi, historia ya taasisi na malengo ya mradi. Mtoto aliusoma wote kwa uhodari. Bibi alingoja kwa adabu, kisha akauliza, "Bado hawajafika shambani?" Swali hilo moja lilitosha kuuhukumu ukurasa mzima. Ukurasa wa kwanza ndio usomwao na wote, na wa mwisho husomwa na wachache. Mwandishi aliupa uongozi nafasi iliyokuwa haki ya mkulima, na onyo la hatari akaliweka mwisho, kwa herufi ndogo kuliko zote.

Walipofika ukurasa wa pili, mtoto alisoma kwamba mkulima anashauriwa kutumia "kiuatilifu stahiki". Akasita, akalisoma tena kwa silabi: ki-u-a-ti-li-fu. Bibi akauliza, "Ndiyo nini hicho?" Mtoto akafikiri, akajibu, "Nadhani ni ya maua, bibi. Ya kufanya maua yatimie." Bibi akaridhika. Mwenye shamba la mananasi hana hamu kubwa kuliko kuiona mimea yake ikitoa maua, kwani pasipo ua hapana nanasi. Kwa dakika ile, sumu iligeuka kuwa mbolea ya maua.

Neno lilivyopasuliwa

Mtu asimcheke mtoto huyo. Alifanya lile lifanywalo na kila msomaji akutanapo na neno geni: alilipasua ili aone kilichomo. Ndani yake aliona "ua", neno alijualo tangu utotoni, na akasikia "timilifu", neno alilolisikia darasani katika somo la nyakati za vitenzi. Akayaunganisha. Kwa kanuni za lugha yake mwenyewe hakukosea sana.

Waundaji walikusudia jambo jingine. Walichukua kitenzi "kuua" na wakakiambatisha na "tilifu", neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni kuharibu au kupoteza. Kiuatilifu basi ni kile kiuacho viharibifu, wakiwa ni wadudu, magugu au kuvu. Kwa upande wa maana, neno limebeba kila linalotakiwa. Taabu ni kwamba "tilifu" limekwisha kuwa adimu vinywani mwa watu, ilhali "timilifu" na "kamilifu" husikika kila siku. Istilahi iliyojengwa kwa kipande kisichojulikana huwa kama nyumba yenye mlango upande wa nyuma: mwenyeji anajua pa kuingilia, mgeni huzunguka.

Yako maneno ya ukoo huohuo yasiyo na taabu hiyo. "Kiuadudu" hujieleza lenyewe, na "kiuagugu" vilevile. Msomaji akiyapasua hupata wadudu na magugu. Lakini ukoo huo nao una hatari yake, na inafaa tuseme wazi. Tumeunda pia "kiuavijasumu", nalo ni jina la dawa ambayo binadamu huimeza kwa amri ya mganga. Hivyo katika familia moja ya maneno kuna vitu vya kumezwa na vitu ambavyo tone lake halifai kugusa ngozi. Mtaalamu wa tiba hachanganyikiwi, wala mtaalamu wa kilimo hachanganyikiwi, kwa kuwa kila mmoja yumo katika taaluma yake. Msomaji wa Kiwangwa ni mgonjwa asubuhi na ni mkulima jioni. Taaluma zote mbili hukutana nyumbani kwake.

Kwa nini neno lisitupwe

Huenda wengine wakasema: ikiwa neno limemshinda msomaji, na lifutwe, tuandike "dawa" kama wasemavyo wakulima wenyewe. Shauri hilo lina sura ya wema, lakini ni shauri baya. Kwa Waswahili dawa ni kitu cha kuponya. Hunywewa, hupakwa, hupewa mtoto mchanga. Neno hilo likipewa sumu ya shambani, sumu huingia nyumbani kwa jina jema na kukaa mahali pa heshima. Wale waliotaka istilahi nyingine hawakuwa wakitafuta fahari ya usomi. Walikuwa wakiitoa sumu chini ya kivuli cha dawa, na kazi hiyo ni ya kusifiwa.

Tena, neno limekwisha kupata makao katika sheria. Chombo cha taifa kisimamiacho mambo haya, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, huitwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Neno lililo katika jina la mamlaka haliondoki kwa sababu limemsumbua mtoto wa darasa la sita. Wajibu uliobaki ni kulifikisha kwake.

Na kwamba neno geni laweza kufika, tunao ushahidi. Leo "pembejeo" halimshtui mkulima yeyote. Halikuenezwa na kamusi. Alilisikia likiandamana na mbegu na mbolea msimu hata msimu, na tangu mwaka 2008, zilipoanza kutolewa vocha za pembejeo, wakulima wengi walilishika mkononi pamoja na kitu chenyewe. Neno lilikwenda likifuatana na maana yake. "Kiuatilifu" katika karatasi ile lilikwenda peke yake.

Kitu kimoja, majina manne

Kosa kubwa zaidi la karatasi ile ni kwamba haikuwa na imani hata na istilahi yake yenyewe. Mwanzoni mwa ukurasa wa pili iliandika "kiuatilifu". Chini kidogo ikaandika "dawa". Katika ukurasa wa tatu ikaandika "kemikali", na chini ya picha ikaandika "viuadudu". Bila shaka mwandishi alifundishwa shuleni kwamba kurudia neno lilelile ni udhaifu wa insha. Katika insha ya fasihi huenda ikawa hivyo. Katika maelekezo ni kinyume chake: kitu kimoja kiitwe kwa jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alipofika ukurasa wa tatu aliuliza kama vitu vyote vinne hununuliwa duka moja.

Madhara yake niliyaona kwa macho. Katika ukurasa wa mwisho mtoto alisoma onyo kwamba viuatilifu vihifadhiwe mbali na watoto na mbali na chakula. Alisoma vizuri; bibi aliitikia kwamba hayo ni maneno ya busara. Rafuni nyuma yake ilikuwapo chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo, yenye kile alichokiita "dawa ya shamba". Kando yake ilisimama dawa ya kikohozi ya mtoto. Hakuna aliyegeuza uso kuitazama chupa ile, kwa sababu onyo lilihusu viuatilifu, na kilichokuwamo chupani kilikuwa dawa. Onyo lilikuwa sahihi, lilichapwa, lilisomwa kwa sauti, likasikika na likakubaliwa. Na bado halikumfikia mtu.

Nilipomweleza kwamba kiuatilifu ndicho kile kilichomo chupani, bibi alinyamaza kitambo. Kisha akamwambia mjukuu wake aitoe chupa nje ya nyumba, naye akainuka kwenda kutafuta mahali pa kuifungia. Maelezo yaliyofanya kazi hiyo hayakuzidi maneno kumi, na yangeweza kuchapwa katika ukurasa wa kwanza.

Vipimo na sentensi

Yako mambo mengine mawili yaliyomzuia msomaji, na yote mawili yanahusu lugha.

La kwanza ni vipimo. Karatasi ilihesabu kwa hektari, hali mkulima wa Kiwangwa huhesabu shamba lake kwa ekari. Hektari moja ni takriban ekari 2.5. Tuseme maelekezo yanataka lita 2 kwa hektari moja. Mwenye ekari moja astahili kutumia takriban lita 0.8. Akidhani kuwa hektari na ekari ni kitu kimoja, na maneno hayo yanafanana vya kutosha kumdanganya msikilizaji, atamwaga lita 2 zote, yaani mara mbili na nusu ya kipimo. Hasara itampata mfukoni, itaupata udongo, na itampata mla nanasi. Kuiandika ekari kando ya hektari kungegharimu nusu ya mstari.

La pili ni muundo wa sentensi. Karatasi ilisema: "Inashauriwa kuzingatiwa kwa kipindi cha zuio baada ya unyunyiziaji wa kiuatilifu kabla ya uvunaji wa zao kufanyika." Katika sentensi hiyo hakuna mtu. Vitenzi vyote vimegeuzwa kuwa majina, na mtendaji amefukuzwa. Anayeshauri hajulikani, anayeshauriwa hajulikani, wala siku za kungoja hazikutajwa zinapatikana wapi. Kiswahili kina njia yake ya kuagiza, nayo ni nyepesi: "Ukishanyunyiza kiuatilifu, usivune mananasi mpaka zipite siku zilizoandikwa katika lebo ya chupa." Sentensi ya pili si ya kitoto wala si ya mitaani. Ni sanifu kama ile ya kwanza, na ina mtu ndani yake.

Huenda ikadhaniwa kwamba urahisi huo hupunguza usahihi. Kinyume chake ndicho kilichotokea katika karatasi hii. Iliagiza kupanda "vipandikizi bora" bila ya kuongeza neno. Bibi aliuliza mara moja, "Ya chini au ya kichwani?" Alijua kwamba mche wa nanasi hupatikana katika chipukizi liotalo shinani, au katika lile liotalo chini ya tunda, au katika kilemba cha majani kilicho juu ya tunda lenyewe, na kwamba wa shinani huwahi kuzaa, ilhali wa kilemba huchelewa. Istilahi ya mtaalamu ilikuwa pana mno, na swali la mkulima likawa sahihi kuliko jibu aliloletewa.

Tulikwisha kulijua jambo hili

Hayo yote si mageni kwetu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kufanya kazi waliyokubaliana, kama kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Magonjwa yaliyozungumzwa yaliitwa kwa majina yafahamikayo: malaria, kichocho, safura, kifua kikuu. Waliopanga kampeni ile walijua kwamba watu watasoma pamoja, kwamba msomaji na msikilizaji ni watu tofauti, na kwamba baada ya kusoma lazima kuwe na jambo la kutenda.

Wakati huohuo madarasa ya kisomo yalikuwa yakiwaandaa wasomaji wapya. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban theluthi mbili. Ilipofika mwaka 1986 ilihesabiwa kuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Taifa liliwafundisha watu kusoma kwa gharama kubwa. Ni deni letu kuwaandikia kurasa zisomekazo.

Mapendekezo

Kwanza, orodha za istilahi zisiishie katika safu mbili, neno la kigeni upande huu na la Kiswahili upande ule. Mfululizo wa Tafsiri Sanifu, uliotolewa na Baraza tangu miaka ya 1970, umewafaa sana watafsiri. Lakini mtafsiri ndiye pekee anayehitaji safu ya kwanza. Kila istilahi inayogusa uhai wa mtu, iwe ya kilimo, ya tiba au ya umeme, ifuatwe na sentensi moja ya Kiswahili iwezayo kunakiliwa na kila mwandishi wa karatasi za maelekezo. Kwa mfano: "Kiuatilifu ni sumu ya kuulia wadudu, magugu au kuvu waharibuo mazao; watu wengi huiita dawa, lakini si dawa ya mtu."

Pili, istilahi itajwapo mara ya kwanza ukurasani ifuatane na jina ambalo msomaji analo tayari, na baada ya hapo itumike hiyo tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini mgeni asiyetambulishwa huachwa mlangoni.

Tatu, waundaji wa istilahi wasisahau kulisikiliza neno kwa sikio la asiyelijua. Wajiulize: mtoto akilipasua, ataona nini ndani yake? Swali hilo lingefichua "ua" na "timilifu" kabla ya neno kutoka chumbani.

Nne, karatasi ya maelekezo ijaribiwe kabla ya kuchapwa. Jaribio lake ni jepesi wala halihitaji fedha nyingi. Apewe mtoto amsomee mzee kwa sauti, kisha mzee aulizwe, "Sasa utafanya nini?" Kama jibu lake silo lililokusudiwa, karatasi irudishwe mezani.

Hitimisho

Istilahi haikamiliki siku iidhinishwapo na kamati. Siku hiyo imezaliwa tu. Hukamilika siku ambayo mtu asiyewahi kuisikia huikuta ukurasani, akaielewa hapohapo, akatenda lililo sawa. "Kiuatilifu" ni neno lenye nia njema na kazi ya maana, nayo ni kuitenga sumu na dawa. Katika nyumba ile ya Kiwangwa halikuweza kuifanya kazi hiyo mpaka lilipopewa maelezo yasiyofika maneno kumi. Nyumba zilizobaki hazitapata mgeni wa kuyatamka. Hayana budi kuchapwa.